Nina uzamivu wa konokono, maktaba inaniita, ndugu wamenuna

Shikamoo Mama,

Barua nyingi unazojibu ni za ndoa na madeni. Yangu ni ya kazi, ila imeshaanza kuingia hadi kwenye ndoa, kwa hiyo nadhani inakuhusu. Zaidi ya hapo, nasikia ulistaafu ukiwa mkutubi wa chuo kikuu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mwanza. Nina shahada ya uzamivu ya biolojia. Utafiti wangu ulikuwa juu ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho pembezoni mwa Ziwa Victoria, hivyo sehemu kubwa ya ujana wangu imeishia kwenye matete, buti za mpira miguuni na chekeche mkononi, huku watoto wa kijiji wakiniuliza kama hao konokono nawala. Sikujali. Nilijua nikimaliza nitakuwa mhadhiri, nitapata ofisi yenye jina langu mlangoni, na watakaoingia majini watakuwa wanafunzi wangu.

Nimemaliza, na uhadhiri haujaja. Ninafundisha vyuo viwili kwa mkataba wa muda. Asubuhi niko kimoja, alasiri napanda daladala kwenda kingine. Malipo ni kwa saa, tena hutoka muhula umekwisha na wanafunzi wamesharudi makwao. Kusahihisha hakuhesabiwi kuwa saa. Nafasi ya kudumu ikitangazwa tunaomba wengi, na anayechukuliwa ni aliyekuwa ndani tayari, au mwenye machapisho mengi kuliko mimi. Nitayapata wapi machapisho, Mama, wakati jioni zangu zote ni makaratasi ya mitihani?

Sasa sikiliza. Siku moja nilikuwa maktaba ya chuo kimoja hapa mjini nikiandaa somo. Meza ya pili alikaa kijana anayesomea udaktari wa binadamu, anaandaa utafiti wa mwaka wa mwisho kuhusu kichocho kwa watoto wa shule. Kila akitafuta anapata makala zilezile. Nikamwonyesha majina mengine ya kutafutia, nikamwonyesha namna ya kufuata marejeo kutoka makala moja hadi nyingine, na mpaka maktaba inafungwa alikuwa na orodha ambayo hata msimamizi wake hakuwa nayo. Kesho yake akaja na wenzake. Kumbe mkurugenzi wa maktaba alikuwa anatuangalia.

Wameniita. Wananipa ajira ya kudumu maktabani, niwasaidie wanafunzi na wahadhiri wa sayansi za afya kutafuta maandiko na kutunza takwimu za tafiti zao. Sharti lao ni kwamba nisome shahada ya uzamili ya sayansi ya habari na ukutubi nikiwa kazini.

Nilipomwambia msimamizi wangu wa zamani, mzee ninayemheshimu sana, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo umeamua kujizika kwenye rafu." Kaka yangu ndiye mbaya zaidi. Baba alifariki nikiwa sekondari, na kaka ndiye aliyenisomesha kwa duka lake la vipuri vya pikipiki. Alisema hivi: "Nimekusomesha mpaka udaktari ili ukawagongee watu mihuri ya kurudisha vitabu?" Mama ananitambulisha kanisani kama mwalimu wa chuo kikuu, sasa hajui atasema nini. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, jambo ambalo ni gumu kuliko angekataa.

Kinachoninyima usingizi si wao, ni mimi. Siku ile na yule kijana nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi darasani. Lakini najiuliza kama ni furaha kweli au ni woga uliopata mahali pa kujificha. Hivi watu wenye uzamivu huenda maktaba kwa kupenda, au huenda wakishashindwa? Na kurudi kusoma uzamili baada ya uzamivu, si ni kushuka ngazi niliyopanda kwa jasho?

Ni mimi mwanao,
Daktari wa Konokono, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na kaka yako, kwa sababu ndiye aliyesema jambo linaloeleweka. Yeye akisikia maktaba anamwona mtu wa dawatini mwenye muhuri na daftari. Mtu huyo yupo, kazi yake ni ya heshima, na bila yeye jengo halifunguki. Wengi wao wana astashahada au stashahada, na kwa upande wetu wengi wamepita Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka kilichoanzishwa 1989. Lakini uliyoitiwa wewe ni kazi nyingine ndani ya jengo hilohilo. Hospitali nayo ina anayeandika kadi na anayepasua, na wote huingilia lango moja. Kaka yako hana kosa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mlango wa pili.

Tuufungue kwa ugonjwa wako mwenyewe. Yule kijana alikuwa anaandika neno gani kwenye kisanduku cha kutafutia? Nadhani ni bilharzia, kwa sababu ndilo alilolisikia tangu shule. Ugonjwa ulipata jina hilo kwa Theodor Bilharz, Mjerumani aliyemkuta mnyoo wake Cairo mwaka 1851. Ila waandishi wengi wa sayansi wanaandika schistosomiasis. Wa zamani waliandika bilharziasis. Wengine hawataji ugonjwa kabisa, wanataja mnyoo, Schistosoma mansoni au haematobium. Wengine wanataja konokono tu, Biomphalaria au Bulinus. Kuna anayeandika Ukerewe kwenye kichwa cha makala na kuridhika kwamba kila mtu ameelewa. Ndiyo maana Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imekuwa ikitunza tangu 1960 orodha ya istilahi teule, ili makala ziwekwe chini ya kichwa kimoja hata kama mwandishi alitumia neno jingine. Mkutubi yeyote mwenye mafunzo anaijua orodha hiyo na anajua kuunganisha maneno kwa AU na NA ili kompyuta ielewe.

Lakini nani atamwambia yule kijana kwamba ripoti za enzi za mkoloni huwaita Physopsis baadhi ya konokono ambao leo wanaitwa Bulinus? Orodha haitamtosha hapo. Anahitaji mtu aliyesimama kwenye matete na chekeche. Mkurugenzi wa maktaba aliliona hilo akiwa amesimama nyuma yenu, na ningekuwa mimi ningekufuata hadi kituo cha daladala.

Kazi ya aina hiyo imekua sana katika sayansi za afya. Watafiti wanaofanya uhakiki wa kimfumo, yaani kukusanya kila utafiti uliofanyika juu ya swali moja na kuupima, hulazimika kupitia maelfu ya makala. Mtego wa kutafutia ukisukwa vibaya, hitimisho lote linapinda, na hitimisho hilo ndilo linalokwenda kuandika miongozo ya tiba. Mwongozo wa Cochrane, shirika linaloheshimika kwa hakiki hizo, huwashauri watafiti wafanye kazi na mkutubi tangu mwanzo. Mwaka 2021 ulitoka mwongozo mzima, PRISMA-S, wa namna ya kuripoti utafutaji tu. Na mkutubi anayesuka utafutaji wa uhakiki kama huo mara nyingi jina lake huingia kwenye orodha ya waandishi. Mwambie hilo msimamizi wako, yule wa kujizika kwenye rafu.

Kwa hapa kwetu kuna mzigo mwingine ambao wenzetu wa Ulaya hawaufikirii. Makala nyingi nzuri zimefungwa, zinauzwa kwa dola. Mpango wa HINARI ulianzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji ili vyuo vya nchi kama Tanzania vipate majarida ya afya bure au kwa bei ndogo, na leo uko ndani ya Research4Life, muungano wa mipango ya aina hiyo. Mlango uko wazi, lakini nimeona wahadhiri wazima wakimwandikia rafiki yao aliyeko Uingereza awatumie makala ambayo maktaba ya chuo chao inayo tayari. Hawakujua nenosiri, wala hawakuwahi kukaa na mtu wa kuwaonyesha. Halafu kuna majarida ya kitapeli, yanayokuchapishia chochote kwa siku chache mradi umelipa. Aliyejulikana zaidi duniani kwa kuyaorodhesha hadharani alikuwa mkutubi, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver. Orodha yake ilipotoweka mtandaoni Januari 2017, watafiti wengi walibaki wakiulizana waende wapi. Kazi ya kumwambia profesa, kwa adabu, kwamba jarida alilolipia ni la matapeli hugombewa na wachache. Mtu mwenye uzamivu husikilizwa haraka zaidi. Si haki, lakini ndivyo vyuo vilivyo.

Sasa swali lako kubwa, kama watu wa elimu yako huenda huko kwa kupenda au kwa kushindwa.

Wako walioanza kwa njaa, na sioni sababu ya kukuficha. Chukua S. R. Ranganathan wa India. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa chuo huko Madras, mwenye shahada ya uzamili, na mshahara wa ualimu haukumtosha. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Madras kilimpa ukutubi uliolipa vizuri zaidi, na hakuwa amesomea hata siku moja. Alipoingia alichoka upesi. Aliona upweke na uvivu mtupu, akaomba arudishwe darasani. Wakubwa wake wakampeleka London kwanza, akasoma ukutubi University College, akazunguka maktaba za Waingereza, na macho yakamfunguka: akaona mpangilio wa maarifa ni tatizo la kimahesabu lililokuwa linamsubiri. Aliporudi hakuomba tena darasa. Mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, ambazo utazisoma wiki ya kwanza ya uzamili wako, na ya nne ndiyo niipendayo mimi: okoa muda wa msomaji. Mtu aliyefuata mshahara ndiye aliyeuweka ukutubi kwenye ramani ya sayansi.

Wapo wa upande wa pili. Leibniz, yule mwanahisabati Mjerumani, alikuwa na udaktari wa sheria na akaombwa awe profesa huko Altdorf akakataa. Baadaye alitunza maktaba ya watawala wa Hanover, na kuanzia 1691 akasimamia pia ile ya Wolfenbüttel. Alitaka kugusa kila elimu, na kiti cha uprofesa kingemfunga kwenye moja.

Hao wa aina ya Leibniz nimewaona kwa macho yangu, na ni wengi kuliko unavyodhani. Uzamivu hukufundisha kujua mengi kuhusu kitu kidogo. Kuna watu ambao baada ya miaka ya hivyo hukosa pumzi. Wanataka Jumatatu swali la konokono, Jumanne la dawa za usingizi kwa wajawazito, Jumatano mwanafunzi wa sheria aliyepotea njia. Nimefanya kazi na mtu mwenye uzamivu wa kemia aliyeniambia kwamba maabara ilimpa swali moja kwa miaka mitano na maktaba inampa matano kabla ya chai. Wengine hupenda kufundisha lakini hawapendi kutoa alama. Dawatini unamfundisha mtu mmoja, kitu anachokihitaji leo, naye anakushukuru kwa sababu humpi mtihani. Wengine, na wengi wao ni kina mama kama wewe, wamechoka kuishi kwa mkataba wa muhula. Sababu hiyo watu huitamka kwa aibu. Mimi siioni aibu yake. Mtoto hali uhadhiri.

Huko Marekani jambo hili limekuwa la kawaida kiasi cha kuwa na njia yake rasmi. Shahada inayohitajika kwa mkutubi wa chuo kikuu ni uzamili wa ukutubi, na chama chao cha wakutubi wa vyuo kilishatamka tangu 1975 kwamba huo ndio kiwango cha mwisho cha taaluma. Hawadai uzamivu. Hata hivyo vyuo vikubwa vya utafiti hupenda mkutubi wa somo fulani awe na shahada ya juu ya somo hilo pia. Na mwaka 2004 CLIR, baraza la huko linaloshughulikia maktaba na rasilimali za habari, lilianzisha mpango wa kuwapeleka wenye uzamivu mpya kufanya kazi maktabani. Ulizaliwa kwa sababu mbili zinazofanana na zako: maktaba zilihitaji watu wanaozijua tafiti kutoka ndani, na wenye uzamivu walikuwa wengi kuliko viti vya uprofesa. Kulikuwa na wakutubi walionung'unika, wakisema hawa wanaruka foleni bila kusomea kazi yetu. Manung'uniko hayo utayakuta na hapa, jiandae.

Hapo ndipo jibu la swali lako la uzamili lilipo. Hushuki ngazi, kwa sababu ni ngazi ya nyumba nyingine. Unajua konokono, lakini hujui katalogi inavyojengwa, hujui mikataba ya hifadhidata inavyosainiwa, hujui kwa nini kwenye mpangilio wa Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani, konokono wako wanakaa QL, ugonjwa wao RC na afya ya jamii RA, na mtu anayetafuta tasnifu yako ataanzia wapi. Wenzako waliosomea hayo watakupima kwa kuangalia kama unayaheshimu. Ukiingia na kichwa cha "mimi ni daktari", watakuacha na udaktari wako. Makerere wamekuwa wakifundisha wakutubi tangu 1963, Moi kule Eldoret wana skuli nzima, Dar es Salaam wana uzamili wa masomo ya habari. Uliza pia Chuo Kikuu Huria, maana una watoto na utakuwa kazini.

Sasa nikuambie yasiyopendeza, usije ukasema Mama alikupamba tu.

Anayedhani maktaba ni mahali pa kukaa kimya na kusoma asiende. Hutasoma. Utaulizwa nenosiri la intaneti mara nyingi kuliko utakavyoulizwa kichocho. Umeme utakatika katikati ya mafunzo uliyoandaa wiki nzima. Bajeti ikipunguzwa chuoni, majarida ndiyo ya kwanza kukatwa, na wewe ndiye utakayetumwa kuwaeleza wahadhiri. Kuna wahadhiri watakaokuona kama mtumishi wa kuletewa vitu, pamoja na wale uliosoma nao darasa moja. Hilo la mwisho linauma, nakuambia mapema. Utamsaidia mwenzako kutafuta maandiko ya kitabu chake, atazindua kitabu, na jina lako litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani kati ya mke wake na mpiga chapa.

Ndiyo maana ninakurudisha kwenye siku ile na yule kijana, kwa sababu humo ndimo jibu la woga lilimo. Ulifurahishwa na nini? Kama ulifurahi kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyeuliza kuhusu konokono wako, basi furaha hiyo ni ya mtafiti aliyekosa hadhira, na maktaba haitaitibu. Mwezi wa tatu utakuwa unawachukia watu wa dawa za usingizi. Lakini umeandika kwamba kesho yake alikuja na wenzake. Hukuniambia wao walikuwa wanatafuta nini. Kumbuka vizuri. Kama swali lao halikuhusu kichocho hata kidogo na bado ulisahau kwenda kula, basi acha kujiita mwoga. Ukutubi wa chuo kikuu unamhitaji mtu anayeweza kulishughulikia swali la mwenzake kwa ari ileile aliyokuwa nayo kwa la kwake, halafu akalikabidhi na kugeukia la mwingine. Nimewaona wasomi wakubwa wakishindwa jambo hilo moja. Na nimeona wengine wakistawi, ambao darasani walikuwa wanasinzia wao kabla ya wanafunzi.

Usijibu kwa kufikiri tu. Muombe mkurugenzi ukae nao wakati wa likizo ya vyuo vyako, dawatini, na watu wa kila somo. Waliokuita kwa hamu namna hiyo hawatakunyima.

Halafu kuna karatasi ya ajira, na hapa nakuomba uwe mkali. Uliza utaajiriwa kada gani. Vyuo vikuu vyetu vina wakutubi wanaohesabiwa wanataaluma, wanaofundisha, wanaochapisha na kupanda vyeo kwa machapisho yao sawa na wahadhiri, na vina wafanyakazi wa maktaba wa kada ya utumishi. Majina ya vyeo yanafanana, maisha hayafanani. Kama ni kada ya wanataaluma, uzamivu wako unahesabiwaje kabla hujamaliza uzamili? Ada ya uzamili analipa nani, na ukishindwa kumaliza kwa muda wao inakuwaje? Je, utaruhusiwa kuomba fedha za utafiti kwa jina lako na kwenda ziwani siku chache kwa mwaka? Usiogope kuuliza ukidhani watakuona mjeuri. Mtu anayeuliza kada anaonekana anakuja kukaa. Na majibu yote yaje kwa maandishi, kwa sababu mkurugenzi anayekupenda leo anaweza kuhamishwa kabla hujapewa hata meza.

Msimamizi wako mwache apoe. Wazee wa aina yake huwahesabu wanafunzi wao waliokuwa maprofesa kama wengine wanavyohesabu ng'ombe, na amehesabu amepungukiwa mmoja. Usibishane naye. Mwandikie kwamba takwimu zako za konokono bado hazijachapishwa zote, na unaomba mziandike pamoja sasa ambapo jioni zako hazitakuwa na mitihani. Ataitikia. Na akiwa na mwanafunzi mpya anayehangaika kutafuta maandiko, mwambie amlete kwako.

Mama yako aendelee kusema vilevile kanisani. Utakuwa unafundisha chuo kikuu, hajadanganya mtu.

Kaka yako yeye nenda ukamwone dukani, usimpigie simu. Mtu aliyekusomesha kwa vipuri anastahili kuoneshwa karatasi. Mwekee mezani mstari wa mshahara wa kila mwezi, wa bima, wa mafao ya uzeeni, halafu umwekee pembeni malipo yako ya saa ya mwaka huu. Yeye ni mfanyabiashara, atasoma tofauti hiyo haraka kuliko mimi na wewe. Akirudia la mihuri, mwambie kuhusu yule kijana, mwambie kwamba kesho atakuwa daktari wa watoto wa shule kule vijijini ulikokuwa unachota konokono. Usiombe ruhusa, omba akusikilize mpaka mwisho. Na mume wako mchukue mwende wote. Kule kusema "amua mwenyewe" mbele ya shemeji yake kutamlazimu achague upande.

Wakikujibu kuhusu kada, niandikie tena kabla hujasaini. Wakisema ni ya utumishi na kwamba uzamivu wako hauhesabiwi, ushauri wangu utabadilika.

Mama Mshauri